Mvua ikikatika, usianzie Habakuki 3:18

Wapendwa, Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua. Ikikatika Februari, mtama ukiwa ndio unachanua, wengi wetu hukimbilia Habakuki 3:18, ule mstari wa kumfurahia Bwana. Ni mzuri sana, ila anzia 1:2, nabii anapomlilia Mungu "hata lini". Analalamika waziwazi, na Mungu hamfukuzi. Kwa hiyo mwenzako akilia shamba limekauka, usimnyamazishe kwa mstari; mwache kwanza alie.

Kisha chukua daftari, fungua 3:17. Nabii anataja hasara moja moja: mtini, mizabibu, mzeituni, zizi lisilo na kundi. (Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi hapa Dodoma, habari ya mzabibu usiozaa hamhitaji kuelezwa.) Andika na zako vivyo hivyo: uwele umekauka, ada ya mtoto haijalipwa, marejesho ya mkopo wa vikoba ni Ijumaa. Usiandike "shida zangu" tu, taja kila moja. Ndipo msome 3:18 kwa sauti, nyumba nzima.

Na jirani mwenye debe la nafaka la ziada asiishie kukuombea. Yakobo 2:15-16 inamhusu yeye: kumwambia mwenye njaa "ukashibe" bila kumpa kitu kwafaa nini?