SOMO: Kutembelea masoko ya Krismasi Ujerumani bila kukuta makufuli

Kila ikifika Oktoba simu yangu haitulii. "Dada, lile soko la Krismasi liko wapi, nije lini, nibebe nini?" Mwaka jana nilijibu watu kumi na mmoja maneno yale yale, na wawili kati yao bado walikuja tarehe mbaya. Sasa naandika mara moja. Ukiuliza kilichomo humu nitakupa namba ya hatua tu, usininunie.

Naishi Nürnberg, huu mwaka wa nane, kwa hiyo mifano mingi ni ya huku jimbo la Bavaria. Saa naandika kwa Kiswahili: saa 3 usiku ni 21:00 kwenye tiketi yako. Kuna shemeji yangu alishaachwa na treni kwa jambo hili.

Hatua ya 1: Tarehe

Hapa ndipo nilipoboronga mimi mwenyewe, kwa hiyo nitarefusha.

Jina linadanganya. Soko la Krismasi kwa Wajerumani ni la Majilio, zile wiki nne za kuisubiri sikukuu. Sikukuu ikifika, soko limeshakwisha. Mimi mwaka wangu wa pili hapa sikulijua hilo. Mama mdogo alikuja na binti yake kutoka Dodoma, nikapanga kama tunavyopanga nyumbani: tarehe 25 tunakula, tarehe 26 tunatoka matembezi. Tukafika uwanja wa Hauptmarkt saa 5 asubuhi. Mabanda yote makufuli. Vitambaa vyake vya mistari myekundu na myeupe vimekunjwa, chini matawi ya msonobari yamekanyagwa hadi yamekuwa kama majani ya chai, na njiwa wawili wanadonoa lozi zilizodondoka. Mama mdogo, kofia mbili kichwani, akanigeukia taratibu: "Ndilo hili?" Na kwa vile tarehe 26 huku nayo ni sikukuu, maduka yalikuwa yamefungwa mji mzima. Tukaishia stesheni, mikate ya jibini na chai ya kikombe cha karatasi. Mpaka leo akinipigia Desemba anaanza na swali lile lile, halafu anacheka.

Kwa hiyo hesabu hivi. Tafuta Jumapili ya mwisho kabla ya tarehe 25 Desemba, rudi nyuma hadi ufikishe Jumapili nne. Hiyo ya nne ndiyo Majilio ya kwanza. Soko la Nürnberg, Christkindlesmarkt, hufunguliwa Ijumaa inayoitangulia, saa 11:30 jioni. Msichana aliyevaa taji na nywele za dhahabu, ndiye Christkind, husimama kwenye roshani ya kanisa la Frauenkirche na kulifungua kwa shairi. Kwa 2026 hiyo ni Ijumaa tarehe 27 Novemba. Miji mingi mingine husubiri ipite Totensonntag, Jumapili ya kukumbuka marehemu, ndipo ifungue kesho yake. Mwaka huo wa 2026 hiyo ni Jumatatu tarehe 23 Novemba.

Kufunga: mengi ni tarehe 22 au 23, au 24 mchana. Nürnberg ni tarehe 24 saa 8 mchana, basi.

Tahadhari. Usikate tiketi ya ndege inayotua tarehe 23 jioni ukadhani una siku mbili. Huna hata moja. Usiamini tangazo la wakala lenye picha ya taa na maneno "Krismasi Ulaya" bila kuuliza tarehe kamili. Na kila mwaka hakikisha kwenye ukurasa wa mji wenyewe, maana kila mji una kalenda yake.

Hatua ya 2: Viza

Viza ya Schengen, euro 90 kwa mtu mzima, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo anza mapema, nafasi za miadi za kuelekea Desemba huisha.

Hatua ya 3: Lala mji mmoja

Wageni wangu wanapenda miji mitano kwa siku nne. Wanarudi na picha za stesheni. Chagua kituo kimoja, uwe unatoka na kurudi. Ukilala Nürnberg unafika Regensburg, Bamberg na Rothenburg ob der Tauber kwa treni za kawaida. Ukitaka la kale, Dresden wana Striezelmarkt tangu 1434. Ukipenda kuvuka mpaka, Strasbourg ya Ufaransa wana lao tangu 1570: shuka Kehl upande wa Ujerumani, panda tramu ya D, inavuka mto Rhine na kukuingiza mjini.

Hatua ya 4: Treni

Tiketi ya siku ya Bavaria, Bayern-Ticket, inabeba hadi watu watano, siku za kazi kuanzia saa 3 asubuhi. Andika majina yenu juu yake. Usipande nayo ICE wala IC, zile treni za masafa marefu. Treni nyeupe yenye mstari mwekundu, pua ndefu, hiyo si yako. Wenye Deutschlandticket, euro 63 kwa mwezi, katazo la ICE na IC ni hilo hilo, ila inatumika nchi nzima. Na ule ni mkataba unaojirudia, usipoukatisha kabla ya tarehe 10 utalipa mwezi unaofuata.

Hatua ya 5: Miguu

Koti kila mtu analikumbuka. Miguu hakuna. Utasimama juu ya mawe kwa muda wa saa tatu, hutembei, na baridi inapandia chini. Viatu vyenye soli nene, vikubwa kidogo ili soksi za sufu ziingie bila kubana. Raba za kitambaa mwachie shangazi nyumbani.

Hatua ya 6: Hela

Beba taslimu, noti ndogo na sarafu. Vibanda vingi bado havitaki kadi, na mlinzi wa choo hana chenji ya noti ya 50.

Hatua ya 7: Kikombe

Hapa watu wanalia kila mwaka kuwa wameibiwa. Hujaibiwa. Unaona bei ya divai ya moto, Glühwein, imeandikwa 4.50, unaombwa 8.50. Ile nne ni rehani ya kikombe, wanaiita Pfand, na kiasi chake kila mji una wake. Rudisha kikombe, upewe hela yako. Sehemu nyingine unapewa na kidude cha plastiki kama kishikizo. Kikipotea, rehani nayo imepotea, kwa hiyo kitie mfuko wa ndani. Na kikombe cha soko hili usikipeleke soko la mtaa wa pili, hawakitambui. Ukikipenda, nenda nacho nyumbani, ile rehani ndiyo imekuwa bei yake. Mimi ninavyo tisa, chai ya asubuhi nainywea humo.

Hatua ya 8: Kula

Nürnberg: soseji ndogo za ukubwa wa kidole, tatu ndani ya mkate mmoja. Ni kitimoto, jueni. Halafu Lebkuchen, biskuti nene za viungo. Omba zile za Elisen, ambazo unga wake hauruhusiwi kuzidi asilimia 10, kinachobaki ni lozi na kokwa za jamii hiyo, sukari, mayai na viungo. Za moyo zenye maandishi ya sukari ni za kutundika, zitakuvunja jino.

Nenda Jumatatu hadi Alhamisi. Jua linazama kama saa 10 na robo jioni, uwe umeshafika, uone taa zikiwaka giza likiingia. Jumamosi jioni ni kama Kariakoo ya mkesha wa Idi, na vibaka nao wanaijua kalenda.

Maswali karibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Kobe wa Segerea: Uzi mrefu mno dada. Kwa ufupi ni shilingi ngapi jumla?

Mwandishi: Unatoka wapi, siku ngapi, unalala kwa nani?

Kobe wa Segerea: Wewe kadiria tu.

Mwandishi: Hapana.

Mpemba wa London: Assalaam alaykum dada. Mimi ni Muislamu, nataka kumpeleka mke wangu aone taa tu na kupiga picha. Kuna cha kula na kunywa huko, au tufunge mkoba wetu? Harufu yenyewe nimeshaisikia kwa mwenzangu aliyeleta mfuko wa viungo vyake: karafuu tupu, nikajiona niko Wete majamvi yameanikwa barabarani.

Mwandishi: Waalaykum salaam kaka, swali zuri sana. Kinywaji ombeni Kinderpunsch, cha moto, juisi na viungo, hakina kileo. Hakikisheni kwa kusema "ohne Alkohol". Ukisikia neno "mit Schuss", kimbia, hapo wameongeza pombe kali juu. Chakula: lozi za kukaangwa na sukari, zinafungwa kwenye karatasi mfano wa pembe, kama karanga zetu za barabarani. Maroni, kokwa za chestnut, za kuchoma. Chapati za viazi vilivyokunwa, Reibekuchen, zinaliwa na rojo la tofaa, ila ulizeni mafuta. Flammkuchen inaonekana kama piza isiyo na hatia lakini ya kawaida ina nyama ya nguruwe juu. Na jihadharini na Stollen, ule mkate uliofunikwa sukari ya unga: zabibu zake kwa kawaida huwa zimelowekwa kwenye ramu. Watu wengi hawalijui hilo. Jambo jingine: kibali cha kuishi Uingereza hakikuingizi Schengen. Kama pasipoti yako bado ni ya Tanzania, hatua ya 2 inakuhusu.

Mpemba wa London: Hilo la zabibu Mungu akulipe, nilishaagiza mmoja. Nampelekea jirani.

Simba Mwenda Pole: Unapotosha watu. Mimi nilienda tarehe 27 Desemba na soko lilikuwepo, limejaa.

Mwandishi: Mji gani?

Simba Mwenda Pole: Vienna.

Mwandishi: Soma kichwa cha somo, kimeandikwa Ujerumani. Vienna ni Austria.

Simba Mwenda Pole: Ulaya ni Ulaya.

Mwandishi: Haya, nisiwe mkaidi, maana kuna mtu tiketi yake imeshakatwa na hairudishwi. Vienna lile kubwa la mbele ya ukumbi wa jiji, Rathausplatz, hufika tarehe 26, na la kasri la Schönbrunn huendelea hata baada ya Krismasi. Prague, uwanja wa mji mkongwe, hufika tarehe 6 Januari. Hata Berlin yako machache yanayovuka Krismasi. Aliyechelewa aelekee huko. Ila akija kwangu Nürnberg tarehe 27, nitampa chai.

Mama Wawili Nairobi: Tuko na watoto wa miaka minne na saba. Watachoka? Na kigari cha mtoto kinapita?

Mwandishi: Mama, kigari jioni usijaribu, utakwama kati ya migongo ya watu. Njoo saa 4 asubuhi linapofunguliwa, mpite kwa nafasi. Nyuma kidogo ya Hauptmarkt, Hans-Sachs-Platz, kuna soko la watoto peke yao, lina bembea ya kuzunguka na vibanda wanavyotengeneza vitu kwa mikono yao. Kaeni hapo kwa muda wa saa moja, kisha mkapate joto ndani ya duka kubwa. Na watafutie vile vikaragosi vilivyoundwa kwa plamu zilizokaushwa, Zwetschgenmännle: kichwa ni kokwa ya jozi (walnut), mikono na miguu ni plamu. Wangu alilia akidhani tutamla mtu.

Mgeni Njoo: Dada kuna usalama kweli? Nimesikia mambo ya magari kuvamia watu.

Mwandishi: Umesikia kweli. Berlin, uwanja wa Breitscheidplatz, Desemba 2016. Magdeburg, Desemba 2024. Watu walikufa, sitakuficha. Sasa utakuta vizuizi vizito vya zege au chuma kwenye milango, polisi wanatembea, na mabegi yanaweza kukaguliwa. Visu haviruhusiwi, hata kile kidogo cha kumenyea chungwa, kiache hotelini. Chagueni mahali pa kukutana mkipoteana, maana mtandao wa simu huzidiwa watu wakijaa. Mimi naenda na nawapeleka wanangu. Wewe amua mwenyewe.

Chui wa Moshi: Linafunguliwa lini?

Mwandishi: 1.

Chui wa Moshi: Tarehe 1 Desemba?

Mwandishi: Hatua ya 1, kaka. Hatua.

Fundi Saa: Nyongeza kwa wanaonunua zawadi: ile mipira ya kioo yenye maji na theluji ndani usiiweke kwenye begi la mkononi. Nilinyang'anywa uwanjani, imezidi ile mililita 100. Binti yangu kaniuliza zawadi iko wapi, nikasema iko kwa askari.

Mwandishi: Pole sana. Ndiyo, ifungie soksi, iende kwenye begi kubwa. Na soseji msibebe kupeleka nyumbani, mtasumbuana na forodha. Stollen inasafiri vizuri, inakaa wiki kadhaa.

Bibi Iliki: Mwanangu, hicho cha watoto kisicho na kileo unakitengenezaje? Nipo Tanga, huku hata baridi hatuna, nataka harufu tu.

Mwandishi: Shikamoo bibi. Lita moja ya juisi ya tofaa, nusu lita ya juisi ya zabibu nyekundu. Ukikosa, rosela inafaa na mimi naona ni bora zaidi. Kijiti kimoja cha mdalasini, iliki tatu umezipasua, chungwa moja umelikata duara na ganda lake. Moto mdogo dakika ishirini, isitokote, ikitokota inakuwa chungu. Karafuu nne.

Mpemba wa London: Nne? Kwa chungu kizima?

Mwandishi: Wajerumani wanaweka nne.

Bibi Iliki: Marahaba mwanangu. Nitaweka kumi.