Leseni yako ikiwa chini ya masharti

Mdogo wangu, barua ya Baraza la Uuguzi na Ukunga isome sharti kwa sharti: muda wa uangalizi, nani akusimamie, taarifa ipelekwe lini. Toa nakala, moja ikae kwenye mkoba.

Ukiomba kazi, iwe zahanati ya mtaani Ngamiani au kituo cha afya huko Pongwe, mweleze mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, hali ya leseni yako kabla hajauliza. Nimesimamia wodi miaka mingi hapa Tanga. Aliyesema mwenyewe nilimpokea, aliyeficha sikuwa na la kumtetea. Na huniuma sana muuguzi mwenye mikono mizuri akiacha kazi kwa aibu.

Kazini, nguvu zote ziwe kwenye maandishi. Mgonjwa akishameza, andika palepale: dawa, dozi, njia ya kuitoa, saa, saini. Kamwe usiandike kabla. Neno ukilikosea, lipige mstari mmoja ili bado lisomeke, utie saini, usifute. Mofini na pethidini, dawa kali za maumivu zinazodhibitiwa, zihesabuni wawili, kila zamu. Zamu ya usiku ya peke yako, omba usipangiwe kwanza.

Mafunzo endelevu usiyaache. Taarifa ya msimamizi ifuatilie mwenyewe. Ikichelewa, utakayeulizwa ni wewe.