Somo kuhusu walezi wa biashara: anza na sabuni inayochoma mikono

Muulize mwanafunzi anahitaji nini ili aanze biashara. Atajibu "mtaji" kabla hujamaliza swali. Somo hili la dakika 80 linamfundisha kuuliza kwanza: tatizo hili ni la kupeleka kwa nani? Mifano ni ya Kigoma mjini. Walimu wa Tabora, wekeni asali mahali pa mawese.

Hatua ya 1: kadi (dakika 25). Gawa darasa makundi ya watu sita na kila kundi lipate kadi nne:

- Sabuni ya mawese inachoma mikono.
- Mnunuzi wa jumla wa Mwanga anataka alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania).
- Dumu la lita 20 la mawese limepanda bei, hela haitoshi.
- Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi Mei 15 hadi Agosti 15, kama mwaka 2024, na mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi hana akiba.

Ubaoni andika: mlezi wa biashara (mzoefu anayemwelekeza anayeanza), kikundi cha hisa (cha kuweka na kukopa), SIDO (shirika la serikali la viwanda vidogo), afisa maendeleo ya jamii. Wabandike kadi wanapoona panafaa.

Nyingi zitaenda kwa afisa, maana kwao msaada ni mkopo wa halmashauri. Usiwasahihishe. Uliza: "Mwenye tatizo akifika mlangoni, sentensi yake ya kwanza ni ipi?"

Kaeni zaidi kwenye sabuni. Mlezi aliyekwisha kuipika atauliza jambo moja: ulipima au ulikadiria? Kilo moja ya mawese hutaka takriban gramu 134 za kostiki soda (kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni), na zipimwe kwa mizani. Kikombe cha chai kikizidisha kidogo tu, soda hubaki na ngozi inaungua. Mkopo hapa ungemwezesha kupika sabuni mbovu nyingi zaidi. (Soda yenyewe usiilete darasani.) Kadi ya TBS iende SIDO, wanaofundisha wajasiriamali wadogo na kuwatambulisha TBS. Ya ziwa haina mwenyewe mmoja, waache wabishane.

Hatua ya 2: hesabu ya kikundi cha hisa (dakika 20). Hisa moja ni shilingi 2,000. Mwanachama ananunua tatu kila wiki, kwa wiki 12: 72,000. Vikundi vingi hukopesha hadi mara tatu ya hisa, yaani 216,000. Sasa swali lenyewe: kwa nini wenzake wanakubali? Watasema "wanamwamini". Wabane: wanamwona kila Jumamosi, wanajua meza yake sokoni, na asiporejesha wadhamini wake ndio watakaolipa. Anayekosa vikao vitatu mfululizo amepoteza zaidi ya hisa tisa.

Hatua ya 3: mgeni (dakika 35). Usimwalike tajiri wa mji; dumu lake la kwanza ameshalisahau. Tafuta mlezi mwenye miaka mitatu hadi mitano kazini. Wiki moja kabla, mpelekee maswali matatu, mojawapo: "Mara ya mwisho ulipokosea bei, nani alikuambia?" Mwombe aje na daftari la mauzo.

Hapa huharibika kwa njia mbili. Mgeni akianza "vijana jitumeni", mkatize kwa adabu: "Mama, samahani, tuonyeshe ukurasa wa jana." Mwanafunzi akiomba mtaji, mrudishe kwenye daftari: tarehe, alichonunua, alichouza, anayedaiwa. Safu ya madeni ndiyo huwashangaza.

Waambie pia kwamba mlezi anayekulazimisha ununue malighafi kwake tu ni muuzaji, hata akiitwa mwalimu.

Hatua ya 4: kazi ya nyumbani. Kila mmoja amtafute mtu mmoja na amuulize swali moja lenye tarakimu. "Naomba ushauri wa biashara" ni sifuri. "Shikamoo baba, nanunua dagaa kilo kwa bei hii, nauli ni hii, nauza hivi, mbona sibaki na kitu?" ni alama zote, hata jibu likiwa fupi. Atakayerudi mikono mitupu mpe nusu na umtume tena alasiri. Asubuhi boti zikishusha mzigo mwaloni, hakuna mwenye nafasi ya kujibu mtu.