Maskati kwa siku moja: ngome za Nizwa au mchanga wa Sharqiya

Kutoka Maskati kuna safari mbili za kwenda na kurudi siku hiyohiyo ambazo zinafaa kukodiwa gari la peke yenu. Ya kwanza ni ya ngome za Nizwa, Bahla na Jabrin, kusini-magharibi ya mji. Ya pili ni ya jangwa la mchanga la Sharqiya, ambalo wengi bado huliita Wahiba, kusini-mashariki kupitia Ibra. Wapo wanaouza zote mbili kama safari ya siku moja. Msikubali. Maskati hadi Nizwa ni kilomita 160 hivi, Nizwa hadi Bidiyah, mji ulio ukingoni mwa mchanga, kama 200, na Bidiyah kurudi Maskati zaidi ya 200. Siku nzima mtakuwa mmefungwa mikanda. Ngome mtazipitia mbiombio, na mkichelewa kidogo tu barabarani, mchangani mtafika giza limeshaingia.

Mwenye siku moja tu achague moja. Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ushauri wetu ni ngome kwanza. Mnara wa Nizwa ulijengwa na Imamu (yaani mtawala wa Omani) Sultan bin Seif wa ukoo wa Wayaarubi, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Jabrin ilijengwa na mwanawe Bilarab. Ndugu yake Bilarab, Seif bin Sultan, ndiye aliyekuwa imamu majeshi ya Omani yalipoitwaa Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698. Aliyewahi kusimama juu ya kuta za Fort Jesus ataona Jabrin kwa jicho jingine kabisa.

Makubaliano na dereva

Bei ya gari la binafsi ni ya gari, si ya kichwa. Watu wanne wakigawana, mara nyingi hukaribia bei ya safari ya kundi. Rial 1 ya Omani ni takriban dola 2.60 za Marekani na ina baisa 1,000, kwa hiyo bei inayoonekana ndogo kwenye karatasi ibadilisheni kwanza kabla ya kufurahi.

Kabla ya kulipa arubuni, pateni majibu kwa maandishi. Bei ni ya saa ngapi, na kila saa ya ziada inalipwaje? Safari ya Nizwa, Bahla na Jabrin ni saa 12 hadi 13 mlango kwa mlango, na wengi hupanga bei yao kwa saa 8 au 10. Petroli imo? Viingilio vimo? Kila ngome ina kiingilio chake, na wageni hulipa zaidi ya wenyeji. Je, anayekuja ni dereva tu au ni kiongozi wa watalii mwenye leseni? Dereva atawafikisha mlangoni na kuwasubiri kivulini. Kiongozi ataingia nanyi, na Jabrin bila maelezo hupoteza nusu ya utamu wake.

Kwa safari ya mchangani ulizeni swali moja zaidi: gari litakalotuchukua Maskati ndilo litakaloingia mchangani? Wengine huleta gari la saluni, kisha mkifika Bidiyah mnahamishiwa gari la Mbedui ambalo malipo yake hayakutajwa. Utaratibu wenyewe si mbaya, maana Wabedui wa pale wanaujua mchanga kuliko mtu yeyote, lakini bei yake ijulikane mapema.

Ulizeni pia kama yupo anayezungumza Kiswahili. Familia nyingi zilizorudi Omani kutoka Zanzibar, Kenya na bara, hasa baada ya 1964 na tena baada ya 1970, ziko Maskati na Sharqiya, na si ajabu kumpata kiongozi aliyekua akizungumza Kiswahili nyumbani.

Halafu kuna suala la saa. Omani iko saa moja mbele ya Nairobi na Dar es Salaam. Dereva asiyezoea hesabu yetu ya saa akiambiwa "saa 12" ataelewa adhuhuri, nanyi mtakuwa mmesimama nje ya hoteli tangu alfajiri. Andikeni 06:30, kwa tarakimu, pamoja na jina la hoteli na mtaa. Nyakati zote humu chini tumeziandika hivyo.

Siku ya ngome

Siku nzuri ni Jumapili hadi Alhamisi. Mwisho wa juma Omani ni Ijumaa na Jumamosi, na familia nyingi husafiri. Ijumaa ina jambo lake moja kubwa, mnada wa mifugo wa Nizwa. Mbuzi, kondoo na ng'ombe huzungushwa kwenye duara huku wanunuzi wakiwa wamekaa pande zote, na muuzaji akiita bei huku anatembea. Unaanza asubuhi na mapema, na kufikia saa 09:00 umeshapwaya. Anayeutaka aondoke Maskati saa 04:30. Ila ajue kwamba siku hiyo ngome hufupisha saa zake kwa ajili ya sala ya Ijumaa, na huenda Bahla au Jabrin akazikuta zimefungwa. Apige simu siku moja kabla. Ramadhani nayo hubadilisha saa zote.

Siku nyingine yoyote, anzeni na iliyo mbali zaidi. Watu wengi hufanya kinyume: husimama Nizwa saa 09:00, wakazongwa na mabasi ya watalii, wakafika Jabrin wamechoka. Sababu ya kugeuza ni soko. Soko la Nizwa hufungwa kuanzia saa 13:00 hivi na kufunguliwa tena kwenye saa 16:00. Mkiliweka mwisho mtalikuta limeamka, na jua limeshapoa.

Tokeni Maskati saa 06:30. Pitiliza Nizwa na Bahla, na saa 09:00 muwe Jabrin. Tengeni saa moja na nusu. Hii si ngome ya vita tu. Ilikuwa makazi ya imamu na mahali pa elimu, iliyojengwa miaka ya 1670. Msikose chumba cha Jua na Mwezi: kina madirisha 14, saba juu na saba chini. Hewa ya moto hupanda na kutokea ya juu, ya baridi huingia kwa ya chini, na hata siku ya joto mtaisikia tofauti mara tu mtakapokanyaga mkeka. Inueni macho muitazame dari iliyochorwa. Ghala la tende lina mifereji sakafuni: magunia yalirundikwa, uzito ukakamua asali, nayo ikatiririka hadi kwenye mitungi. Kaburi la Bilarab limo humohumo. Alifariki akiwa ndani, amezingirwa na Seif, ndugu yake.

Ngazi za Jabrin ni nyembamba na vipandio havilingani. Mzee mwenye matatizo ya magoti aishie ghorofa ya kwanza, na viatu viwe vya kufunga, si ndara.

Bahla iko karibu, kama dakika 15. Iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987, mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu udongo wake ulikuwa unaporomoka, na ikatolewa huko 2004 baada ya ukarabati mrefu. Ndani haina vitu vingi wala maelezo mengi. Ukubwa wake ndio habari, na ukubwa huonekana vizuri zaidi kutoka nje, upande wa barabara kuu. Dakika 45 zinatosha.

Chakula cha mchana kiwe Nizwa, ambako mtafika kama saa 12:45. Kuleni, msali, mpumzike. Joto la saa 13:00 na 14:00 si la kupandia ngazi. Saa 14:30 ingieni ngomeni. Mnara ule mnene wa duara ulichukua miaka 12 kujengwa, na sehemu yake ya chini imejazwa udongo na mawe ili uhimili kishindo cha mizinga yake na ya adui. Ngazi ya kupandia inapindapinda, na juu ya milango yake kuna matundu ya kumwagia asali ya tende iliyochemka. Juu mtaona mitende pande zote, na hapo ndipo inapoeleweka kwa nini mji ulikaa hapa: maji. Falaji Daris, mmoja wa mifereji mitano ya Omani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, uko dakika chache kwa gari. Baada ya soko, pitieni dakika 20 mkaone maji yanavyokwenda.

Sokoni nunueni tende na haluwa. Onjeni kwanza, maana wauzaji wenyewe hukaribisha, na kahawa iko tayari. Majambia na vyombo vya fedha vya zamani vina bei ya kweli na bei ya mgeni, kwa hiyo zungukieni maduka matatu kabla ya kutoa pesa. Mkitoka saa 17:30, saa 19:30 mko Maskati.

Msiongeze Jebel Akhdar kwenye siku hii. Kuna kizuizi cha polisi Birkat al-Mouz, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halipandi. Mlima ule una siku yake.

Siku ya mchanga

Hesabu ya siku hii huanzia machweo na kurudi nyuma. Desemba jua la Maskati huzama kama saa 17:20, mwanzoni mwa Aprili karibu saa 18:20. Muwe mmekaa juu ya kilima cha mchanga dakika 45 kabla. Nje ya miezi ya Oktoba hadi Machi safari hii hatuipendekezi kwa wenye watoto wadogo. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, na mchanga wenyewe huunguza nyayo.

Ratiba ya Desemba: kutoka Maskati saa 06:30, Ibra saa 08:30, Wadi Bani Khalid (bonde la milimani lenye madimbwi ya kuogelea) saa 11:00 hadi 13:00, Bidiyah saa 14:00, mchangani hadi machweo. Ibra msiiruke. Mtaa wake wa kale una majumba ya udongo yenye milango ya nakshi, yaliyojengwa na matajiri wa biashara ya Afrika Mashariki. Majina ya ukoo kama Barwani na Harthi, yanayojulikana sana Zanzibar, yana mizizi Ibra na vijiji vyake. Jumatano asubuhi kuna soko la wanawake. Kule wadini mavazi ya kuogea ni fulana na kaptula inayofunika magoti, na Ijumaa hapana nafasi hata ya kutandika mkeka.

Bidiyah ndipo tairi zinapopunguzwa upepo, na hapo mtamjua dereva wenu. Kwenye lami gari huwa na presha ya psi 35 hivi. Mchangani inashushwa hadi 15 au 18, zote nne. Tairi ikilegea hutandaza mguu mrefu, uzito unasambaa, na gari linapita juu badala ya kuzama. Dereva anayesema "hakuna haja, gari lina nguvu" mwambieni ashushe: nguvu nyingi kwenye tairi ngumu ndizo zinazochimba shimo. Chini ya 12 nako kuna hatari, kwani akikata kona kwa kasi tairi hutoka kwenye rimu.

Kabla ya kuingia hakikisheni kuna koleo, kompresa, kamba ya kuvutia, tairi ya akiba na lita nne za maji kwa kila mtu. Mtandao wa simu hupotea mkishaingia ndani. Kama mnakwenda mbali zaidi ya kambi za karibu, yawe magari mawili. Kilima hupandwa na kushukwa moja kwa moja, pua mbele. Gari likiwekwa ubavu hupinduka. Kusimama ni kwenye mteremko, ili kuondoka kuwe rahisi.

Gari likikwama, mguu utoke kwenye mafuta mara moja. Kila mzunguko wa gurudumu unachimba, na tumbo la gari likishakalia mchanga magurudumu hayashiki tena kitu. Abiria washuke. Fukueni mchanga mbele na nyuma ya kila gurudumu na chini ya tumbo, shusheni presha hadi 12, kisha lirudishwe nyuma taratibu kwenye njia lililojia, ambako mchanga umeshagandamizwa.

Kuendesha wenyewe gari la kukodi mchangani, hapana. Bima nyingi za magari ya kukodi hazigusi uharibifu wa nje ya barabara, na kuvutwa kutoka kilimani mtalipa mfukoni. Mtu wa Tanzania, Kenya au Uganda aongeze kwamba Omani magari hupita upande wa kulia wa barabara.

Kukiwa na mawingu mazito milimani siku hiyo, ahirisheni Wadi Bani Khalid hata kama kwenu jua linawaka. Maji hushuka kutoka mbali bila taarifa. Barabara iliyofunikwa na maji yanayokwenda haivukwi, na sheria ya Omani inamwadhibu anayejaribu. Namba ya dharura ni 9999.

Wakati wa kurudi, tairi zijazwe hadi 35 kabla ya kushika barabara kuu. Tairi laini kwa mwendo wa 120 hupata moto na kupasuka. Kisha dereva apunguze mwendo mpaka mpite Ibra: ngamia huvuka usiku, miili yao haing'ai kwenye taa, na miguu yao mirefu humfanya ngamia aliyegongwa aangukie kioo cha mbele.