Namna ya Kusafisha Mtutu wa Raifo ili Udumu

Mtutu wa raifo huharibiwa hasa na mambo mawili. La kwanza ni moto wa baruti, ambao hula chuma pale mbele tu ya chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inayokaa risasi), mahali ambapo kichwa cha risasi huanza kuingia kwenye michirizi, yaani mifereji inayozunguka ndani ya mtutu. La pili ni mkono wa mwenye bunduki anaposafisha. Moto huo huwezi kuukwepa, ila unaweza kuupunguzia makali kwa kutofyatua mfululizo: mtutu ukiwa wa moto kiasi kwamba kiganja hakiwezi kutulia juu yake, uache upoe, kwa sababu chuma kilichopata joto huliwa upesi zaidi. Madhara ya mkono, kwa upande wake, yanazuilika yote, na ndiyo ninayoyaeleza hapa.

Hatua ya kwanza: hakikisha bunduki haina kitu. Toa magazini, fungua bolti (chuma kinachofunga chemba kwa nyuma), itazame chemba, kisha uipapase kwa kidole, na risasi zote uziweke mbali na meza unayofanyia kazi. Chomoa bolti, halafu laza bunduki kwenye kiegemeo huku mdomo ukiinama kidogo, ili dawa ya kusafishia isitiririke kurudi kwenye kifyatulio na mbao za kitako.

Hatua ya pili: andaa vifaa vinavyofaa. Tumia ufito mmoja usio na maungio, kwa kuwa ufito wa vipande hupinda kwenye maungio na kukwaruza michirizi. Ingiza mahali pa bolti bomba la kuongozea ufito, ili upite katikati bila kugusa ukuta wa chemba. Burashi iwe ya shaba na ya kipimo kilekile cha mtutu. Ya chuma cha pua sitaiingiza kwenye bunduki yoyote ninayoithamini. Ufute ufito kwa kitambaa kila unapotoka, kwa sababu masizi yaliyoganda juu yake husugua kama msasa.

Hatua ya tatu: ondoa masizi. Sukuma kitambaa chenye dawa kutoka upande wa chemba hadi kianguke mdomoni, wala usikirudishe ndani na uchafu wake. Subiri dakika 10 hivi, kisha pitisha burashi, ukihakikisha imetoka yote kabla ya kuivuta, maana ikigeuzwa ndani nywele zake hujipinda. Hapa mdomoni ndipo penye hatari kubwa. Ukingo wa mdomo ndio chuma cha mwisho kuguswa na risasi. Ukilika upande mmoja tu, gesi hutoka bila usawa na kuisukuma risasi kando. Kwa hiyo mimi huifungua burashi inapotokeza, nikavuta ufito mtupu polepole. Kazi huchelewa, lakini sioni sababu ya kuharakisha. Ikiwa bunduki yako haifunguki kwa nyuma, tumia kamba yenye burashi, uivute kutoka chemba kwenda mdomoni.

Hatua ya nne: ondoa shaba, ikiwa tu shabaha imeanza kulegea. Dawa yenye amonia huyeyusha shaba iliyoachwa na vichwa vya risasi, na kitambaa hutoka na mistari ya buluu. Angalia ncha inayoshika kitambaa: ikiwa ya shaba, dawa huila pia, na buluu haitakwisha kamwe. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilisugua jioni nzima mtutu uliokwisha kutakata, kwa kudanganywa na rangi iliyotoka kwenye ncha yangu mwenyewe. Tangu hapo natumia ya plastiki. Fungua madirisha, vaa glavu, na usizidishe muda ulioandikwa kwenye chupa, kwa kuwa amonia ikikaa mno huweza kuchimba chuma.

Risasi kuukuu za kijeshi zina jambo lake. Nyingi zina fataki (kiwashio kidogo kilicho kitakoni mwa risasi) yenye klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha chumvi inayovuta unyevu wa hewa na kuleta kutu kwa muda mfupi. Mafuta hayayeyushi chumvi hiyo, maji huiyeyusha. Siku hiyohiyo, kabla ya kupaka mafuta yoyote, mimina maji ya moto kupitia chemba, kisha kausha kwa vitambaa hadi kimoja kitoke kikavu kabisa.

Hatua ya mwisho: paka mafuta mepesi, utando tu. Kabla ya kufyatua tena, pitisha kitambaa kikavu kwenye mtutu na kwenye chemba, kwa sababu chemba yenye mafuta huzuia ganda la risasi kushika kuta, na nguvu ya mlipuko huielemea bolti zaidi. Kisha chomoa bolti, elekeza mtutu kwenye mwanga, na uchungulie kutoka nyuma mpaka uone duara zima la nuru, pasipo kipande cha kitambaa kilichosahaulika ndani.