Kukadiria uzalishaji wa mimea popote nchi kavu kwa joto na mvua tu

Hii nawaelekeza sana wanaoanza kazi za ikolojia, maana wengi wanaangalia ukubwa wa miti wanasema hapa uzalishaji uko juu, kumbe uzalishaji ni kasi, yaani kinachoongezeka kwa mwaka, sio kilichosimama pale tayari.

Hatua ya 1: jua unahesabu nini
Mmea ukishatengeneza chakula chake kwa mwanga wa jua, karibu nusu unakitumia wenyewe kwa kupumua. Kinachobaki ndo kinakuwa majani, mizizi, mbao na mbegu, na hicho ndo uzalishaji halisi, kama mshahara baada ya makato. Tunapima kwa gramu za vitu vikavu kwa mita mraba kwa mwaka. Ukilinganisha na jedwali la mtu mwingine angalia vipimo vizuri, mengine yako kwa gramu za kaboni, na kaboni ni karibu nusu tu ya uzito mkavu, ukichanganya hizo mbili msitu unageuka nyika hivihivi kwenye karatasi.

Hatua ya 2: tafuta namba mbili
Wastani wa joto wa mwaka na jumla ya mvua ya mwaka. Chukua wastani wa miaka mingi, 30 ndo kawaida, usichukue mwaka mmoja wa El Niño ukafurahi.

Hatua ya 3: fungua Excel
Tunatumia modeli ya Miami, yaani kanuni mbili za hesabu za mwanaikolojia Helmut Lieth, za miaka ya 1970. Ni ya zamani ila bado naipenda maana unaona kila kitu kinavyofanya kazi. Joto weka A1 (selsiasi), mvua B1 (milimita), alafu:

=3000/(1+EXP(1.315-0.119*A1))
=3000*(1-EXP(-0.000664*B1))

Jibu lako ni lile DOGO kati ya hayo mawili. Usitafute wastani! Mmea unabanwa na kilichopungua zaidi, hata ukiuongezea kile kingine hausogei.

Hatua ya 4: jaribu
Msitu wa mvua, nyuzi 26 na milimita 2200: joto linatoa kama 2567, mvua 2304, kwa hiyo 2304. Jangwa, nyuzi 25 na milimita 100: joto linasema 2521 lakini mvua inasema 193, basi ni 193, jua lote lile linapotea bure kwa kukosa maji. Tundra (nyanda za baridi kali zisizo na miti), nyuzi -10 na milimita 300: mvua ingeruhusu 542, ila baridi inakwambia 227. Umeona jangwa na tundra zinakaribiana kwa namba ila kinachozibana ni tofauti kabisa, mi hapo ndo huwa natumia muda mwingi kuliko kwenye jibu lenyewe.

Hatua ya 5: jua inapodanganya
Modeli haijui udongo wala haijui mvua inanyesha miezi gani. Kinamasi cha mafunjo kama Sudd kule Sudan Kusini kinakunywa maji ya Nile yaliyotoka mbali huko, sa ukiweka mvua ya pale tu utapata jibu dogo kuliko hali halisi, wakati vinamasi ni kati ya sehemu zinazozalisha zaidi duniani.

Baharini usiitumie kabisa. Maji yapo, shida ni virutubisho, vinazama chini kwenye giza, kwa hiyo bahari kuu inatoa gramu 125 hivi tu, lakini pale maji ya chini yanapopanda juu, mfano pwani ya Peru, inafika kama 500. Na bado kwa jumla bahari inabeba karibu nusu ya uzalishaji wa dunia nzima, kwa vimimea visivyoonekana kwa macho ambavyo vinazaliana na kuliwa ndani ya siku chache.

Hatua ya 6: linganisha na satelaiti
Data za MOD17 za NASA, yaani makadirio ya uzalishaji kutoka satelaiti, ni bure, zinaanzia 2000. Ziko kwa kilo za kaboni, kwa hiyo zidisha kwa 1000 alafu mara 2 hivi. Jangwa tupu usishangae kukuta hamna namba, hawalihesabu. Na satelaiti ikikupa kubwa mno kuliko modeli sehemu kavu, kabla hujailaumu angalia picha ya sehemu hiyo iliyopigwa kutoka angani, mara nyingi utakuta ni mto au mashamba ya umwagiliaji.