Vifaa vya kuanzia kunyoa kwa wembe wa kukunja, kwa mkazi wa Tanga

Anayeanza kunyoa kwa wembe wa kukunja anahitaji wembe wenyewe, mkanda wa ngozi, brashi, sabuni, shabu na mafuta ya kuzuia kutu. Mawe ya kunolea hayamo, na hayahitajiki mwaka wa kwanza. Fedha nyingi ziende kwenye wembe na mkanda. Vingine vinapatikana Ngamiani kwa bei ndogo.

Wembe

Chagua wenye upana, kutoka mgongoni hadi kwenye makali, wa 5/8 ya inchi, yaani karibu milimita 16. Mwembamba kuliko huo hujaa povu upesi, na mpana zaidi ni mzito kuugeuza chini ya pua. Ncha iwe ya mviringo, maana ncha ya pembe kali hudunga sikio na shavu la mtu ambaye mkono wake haujazoea. Ubapa uwe umebonyea kiasi tu pande zote mbili. Uliobonyea mno huwa mwembamba na hupinda ukiukandamiza, na kila anayeanza hukandamiza.

Kuhusu chuma, mafunzo mengi husifu chuma cha kaboni kwa kuwa hunoleka kwa urahisi. Kwa Tanga ushauri wetu ni stenlesi. Upepo wa bahari una chumvi, na makali ya kaboni yakiachwa na tone moja la maji usiku kucha huamka na vidoa vya kutu. Stenlesi ni ngumu kidogo kunoa, lakini kazi hiyo si yako kwa sasa.

Ukinunua wa mtumba, huenda ukakuta jina la Solingen (Ujerumani), Sheffield (Uingereza) au Thiers (Ufaransa) limegongwa kwenye shina, yaani sehemu ya chuma isiyo na makali karibu na mpini. Jina la Solingen linalindwa na sheria ya Ujerumani tangu 1938, ila mihuri ya kughushi ipo, kwa hiyo kagua chuma badala ya maandishi. Ulaze wembe juu ya kioo: mgongo na makali viguse kioo kuanzia shinani hadi nchani. Ukiyumba, umepinda, uache. Ukiona vishimo vya kutu kwenye makali, uache pia. Ufunge: makali yaingie katikati ya mpini bila kugusa upande wowote.

Muulize muuzaji kama wembe umenolewa tayari kwa kunyolea, umemalizwa kwenye jiwe laini la namba 8000 au zaidi (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi). Wembe mwingi mpya hutoka kiwandani bila makali hayo. Jaribu kwa kuupitisha milimita chache juu ya ngozi ya mkono: unatakiwa ukate vinyweleo bila kugusa ngozi. Usijaribu kwa kidole gumba. Na wembe huu usimpe fundi anayenoa visu kwa gurudumu la baiskeli. Anajua kazi yake ya visu na mapanga, lakini gurudumu lile ni la kukwaruza, linapasha chuma moto, na makali yakishapoteza ugumu hayarudi.

Mkanda wa ngozi

Hapa ndipo wengi wanapobania fedha, kisha wanalaumu wembe. Kila kabla ya kunyoa, makali yanyooshwe kwenye ngozi, la sivyo baada ya mara mbili tatu yataanza kuvuta ndevu. Fundi viatu anaweza kukukatia ngozi ya ng'ombe iliyo laini, isiyo na mikunjo wala rangi ya kupaka, urefu wa sentimita 45, upana wa 7, unene wa milimita 3 hivi. Mwambie atoboe tundu upande mmoja upitishe kamba. Kipande cha turubai la pamba au jinzi kuukuu cha ukubwa huohuo kitatangulia ngozi.

Funga kwenye kitasa cha mlango, uvute ukaze. Laza wembe bapa, mgongo na makali vyote vimegusa. Mgongo unatangulia, makali yanafuata. Ukifika mwisho, ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali. Nenda na kurudi mara 20 kwenye kitambaa na 40 kwenye ngozi, bila kukandamiza. Mkanda ukilegea katikati, makali yanaviringika na kuwa butu. Mkanda wa kwanza hukatwakatwa na mwanafunzi, ndiyo maana usianze na wa gharama.

Brashi, sabuni na maji

Brashi ya nyuzi za plastiki inatosha na hukauka haraka kwenye joto letu. Ya manywele ya mnyama isipokauka vizuri hunuka. Sabuni iwe ya kunyolea, ya kipande au ya krimu. Maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu linalokaa, tumia ya bomba au ya mvua. Povu zuri ni zito, halina mapovu makubwa, na halikauki usoni kabla hujamaliza shavu.

Shabu na mafuta

Shabu inauzwa kwenye maduka ya dawa za asili na viungo. Ukimaliza, suuza uso kwa maji baridi, pitisha shabu iliyoloweshwa, subiri nusu dakika, suuza tena. Inafunga damu ya mikwaruzo midogo na inakuonyesha, kwa kuwasha, ni wapi ulikandamiza.

Mafuta bora ya wembe ni ya cherehani. Suuza, futa kwa kitambaa kikavu, pitisha kitambaa hicho ndani ya mpini pia, kisha paka tone moja kwenye ubapa na kwenye pini inayounganisha wembe na mpini. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani yana unyevu na huchacha, yaache jikoni. Wembe usikae bafuni wala ndani ya mfuko wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu. Weka kwenye kopo kavu pamoja na vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Wiki mbili za mwanzo

Nyoa mashavu tu, kidevu na shingo malizia kwa kifaa ulichozoea. Mgongo wa wembe uwe karibu na ngozi, pembe ya nyuzi 30. Fuata ndevu zinakoelekea. Mwenye ndevu za kujikunja asivute ngozi kupita kiasi wala asinyoe kinyume: unywele ukikatwa chini ya ngozi hukua kuelekea ndani na kuleta vipele. Vikiwepo tayari, subiri vipone. Wembe ni wa mtu mmoja. Usiazimane hata na ndugu, kwa ajili ya homa ya ini na VVU.